Ng'ombe Wapite Wapi?

Jumamosi asubuhi Odeta alikuwa bondeni, anafukuza ndege. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuiva. Ndege wadogo walikuwa wanashuka kwa makundi, na kila waliposhuka Odeta alipiga debe na kuimba kwa nguvu wimbo wowote uliomjia kichwani.

"Mama, unaimba vibaya!" Emelyne alimpigia kelele kutoka kisimani.

"Ndiyo maana wanakimbia!" mama yake akajibu.

Emelyne alicheka huku akijaza ndoo. Kisima kilikuwa pembeni ya shamba lao. Nusu ya kijiji ilichota maji pale. Maji yake yalikuwa safi, hata majirani wa kitongoji cha pili walikuja na baiskeli kuyafuata.

Mara wakatokea wanaume watatu. Mbele alitembea Apolinari, mwenyekiti wa kijiji. Wawili waliomfuata walibeba nyundo na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu.

"Habari za kazi, Mama Emelyne," alisema mwenyekiti.

"Nzuri, mwenyekiti. Karibuni. Mbona mmekuja na nyundo?"

"Tunaweka alama. Njia ya ng'ombe itapita hapa kwenda mtoni."

"Hapa wapi?"

"Hapa," alisema Apolinari, akaonyesha kwa mguu. Mguu wake ulikuwa juu ya mpunga.

Odeta alishusha debe lake. "Na mpunga wangu?"

"Utavuna huu. Baada ya hapo ni njia. Halmashauri ya kijiji imeshakaa. Alhamisi kuna mkutano, mtaambiwa."

Nyundo ikaanza kulia. Kigingi cha kwanza kikaingia katikati ya shamba. Cha pili kikaingia karibu kabisa na kisima.

Shamba lile lilikuwa dogo, lakini ndilo lililoilisha familia miezi yote ya njaa. Odeta alirudi nyumbani haraka, Emelyne akimfuata na ndoo kichwani. Alipofika alimkuta mume wake, Gratien, amekaa uani anapukuchua mahindi.

"Baba Emelyne, shamba la bondeni linaondoka. Wameshapiga vigingi."

Gratien aliendelea kupukuchua. "Njia ya ng'ombe?"

"Kumbe unajua!"

"Nilisikia. Basi, watapita."

"Watapita wapi? Ndani ya sufuria yangu?"

"Tutatafuta shamba lingine. Tusigombane na watu."

Gratien hakuwa mvivu wala mwoga wa kazi. Lakini kulikuwa na jambo moja alilojifunza tangu utoto: kunyamaza. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji. Yeye alizaliwa hapahapa Katavi, kwenye makazi ya wakimbizi. Alikua akisikia wakubwa wakisema, "Sisi tumekaribishwa tu. Ukikaribishwa, unatulia." Baadaye serikali iliwapa uraia, yeye na mke wake, pamoja na Emelyne aliyekuwa bado mtoto mdogo. Hata hivyo waliambiwa kwanza kwamba watahamishiwa mikoa mingine. Wakasubiri. Kisha wakaambiwa wabaki. Wengi walishukuru, wakaanza maisha upya. Gratien pia alishukuru, lakini moyo wake uliendelea kusubiri kuhamishwa.

Kwenye mikutano ya kijiji alikaa karibu na mlango. Wengi wakinyoosha mkono, naye alinyoosha. Wengi wakishusha, naye alishusha. Na mtoto wake yeyote akianza kubishana na mtu, Gratien alimwambia neno moja la Kirundi: "Hora." Yaani, nyamaza.

Emelyne alitua ndoo, akasimama mbele yake.

"Baba, Alhamisi utasema?"

"Nitakwenda kusikiliza."

"Basi nitasema mimi. Nimeshatimiza miaka kumi na minane."

"Utakwenda, utakaa, hutanyoosha mkono."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watakwambia urudi kwenu."

"Kwetu wapi, baba?"

Gratien alichukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua. Lilikuwa limeshapukuchuliwa.

*

Emelyne alikuwa kidato cha nne katika shule ya sekondari ya kata. Jumatatu kipindi cha tatu kilikuwa cha Uraia. Mwalimu wao, Nyamizi, alikuwa Mkonongo kutoka Inyonga, mama mfupi mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani.

"Leo fungeni madaftari," alisema. "Nataka mnijibu. Nani hapa babu yake alizaliwa ndani ya kijiji hiki?"

Wanafunzi wakatazamana. Antoni peke yake alinyoosha mkono.

"Mimi, mwalimu. Sisi Wabende."

"Vizuri. Na kabla ya babu yako, wazee wako walitoka wapi?"

"Sijui, mwalimu. Babu anasema walikuja wakifuata asali."

Darasa likacheka.

"Kumbe na nyie mlihamia!" Happiness alimtania.

"Wewe je, Happiness?" mwalimu akauliza.

"Babu yangu yuko Sumbawanga, mwalimu. Sisi Wafipa."

"Minza?"

"Babu yangu alizaliwa Maswa. Baba ndiye aliyekuja huku na ng'ombe."

"Haya. Darasa zima limetoka mahali. Sasa, ni nani Mtanzania?"

Minza alinyoosha mkono tena. Alikuwa rafiki wa Emelyne, lakini hakuwa mtu wa kumeza maneno.

"Mwalimu, mimi naona si sawa. Sisi tumehama ndani ya nchi. Kuna wengine wamevuka mpaka. Hao hata wakipewa uraia, bado ni wageni."

Emelyne alitazama meza yake. Kwenye ile meza mtu alikuwa amechora moyo kwa kalamu, na Emelyne aliukodolea macho moyo ule kama vile ni swali la mtihani.

"Umefanya vizuri kusema, Minza," alisema mwalimu Nyamizi. "Ni kweli, namna ya kuingia haikuwa moja. Sheria inalijua hilo. Ndiyo maana nyumba hii, Tanzania, ina milango mitatu. Kuna raia wa kuzaliwa. Kuna raia wa kurithi, kwa sababu mzazi wake ni raia. Kuna raia wa tajnisi, yaani mtu aliyeomba uraia akakubaliwa. Lakini watu wakishaingia ndani, hakuna kusema wewe kaa sebuleni na wewe kaa jikoni. Wote watapiga kura. Wote watalipa kodi. Wote watafuata sheria. Wote watasema kwenye mikutano. Na nikuulize: uliwahi kuapa kwamba utakuwa mwaminifu kwa Tanzania?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata mimi sijawahi. Mimi na wewe tulizaliwa tukakuta tumeshapewa. Raia wa tajnisi anaapa. Anaacha uraia wake wa zamani. Yeye aliichagua Tanzania kwa kinywa chake."

Emelyne hakujua mkono wake ulinyanyuka saa ngapi. Alijikuta amesimama.

"Wazazi wangu waliapa," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Wazazi wangu waliapa. Na mimi nilikuwepo, nimebebwa mgongoni."

Hakuna aliyecheka. Antoni alipiga makofi mara moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kipindi kilipokwisha, Emelyne alimfuata mwalimu nje.

"Mwalimu, kwa hiyo nikiwa Mtanzania, niache Kirundi? Nyumbani tunaongea Kirundi."

"Kwani mimi nimeacha Kikonongo? Nikijikwaa kidole, nalia Kikonongo." Mwalimu akacheka. "Kiswahili ni chetu sote. Ndicho kinachotukutanisha mimi na wewe na Minza. Kukipenda hakukulazimishi kuichukia sauti ya mama yako. Wewe ni binti wa Gratien, asili yenu ni Burundi, umekulia Katavi, ni Mtanzania. Vyote hivyo vinatosha ndani ya mtu mmoja."

Emelyne akamweleza habari ya vigingi.

"Mwenyekiti alisemaje hasa?" mwalimu aliuliza.

"Alisema halmashauri imeshakaa. Mkutanoni tutaambiwa."

"Hapo sikiliza vizuri. Halmashauri ya kijiji inapendekeza matumizi ya ardhi. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Na mjumbe wa mkutano mkuu ni nani?"

Emelyne alijibu palepale, kwa Kiingereza, kama alivyokariri kwa ajili ya mtihani.

"Sawasawa. Sasa niambie kwa Kiswahili."

Emelyne akaanza, akakwama.

"Unaona? Mtihani utakuuliza kwa Kiingereza. Kijiji hakitakuuliza kwa Kiingereza. Kaseme jambo lako kwa maneno ambayo mama yako atayaelewa. Mjumbe ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka kumi na minane na mwenye akili timamu. Ni wewe, ni mama yako, ni baba yako. Na usiende kugombana. Uliza swali, toa wazo."

Jioni Emelyne alirudi nyumbani pamoja na Minza.

"Umenikasirikia?" Minza aliuliza.

"Kidogo."

"Nisamehe. Nilisema nilivyosikia watu wanasema." Minza akapiga kokoto teke. "Lakini kuhusu ile njia, usifikiri baba yangu anautaka mpunga wenu. Ng'ombe wanataka maji tu. Mwaka jana wawili walizama kwenye matope ya bondeni. Mmoja tulimvuta kwa kamba, mwingine alikufa."

"Na sisi tunataka kula, Minza."

"Najua. Sasa wapite wapi?"

Emelyne alilibeba swali hilo mpaka nyumbani.

*

Alhamisi alasiri watu walijaa ndani ya ghala la zamani la tumbaku. Tumbaku ilikuwa imeshauzwa, lakini harufu ilibaki, na watu wa mbele walikuwa wanapiga chafya. Odeta alikaa na wanawake. Gratien alikaa karibu na mlango, na Emelyne akakaa kando yake, bado amevaa sare ya shule.

Mwenyekiti Apolinari alifungua mkutano. Alieleza kwamba wafugaji wana shida ya maji, na wakulima wanalalamika ng'ombe wanaingia mashambani. Kwa hiyo njia maalumu inahitajika.

"Halmashauri imeshapanga ipite bondeni," alisema. "Vigingi mmeviona. Tuendelee na ajenda nyingine."

Emelyne akanyoosha mkono. Gratien akamshika kiwiko, akakivuta chini.

"Hora," alinong'ona.

Emelyne akanyoosha mkono wa pili.

"Yule binti wa sare," alisema mwenyekiti. "Una dakika moja."

Emelyne akasimama. Vichwa vyote viligeuka. Kila alichokuwa amepanga kusema kikamtoka kichwani, na kilichobaki kinywani kilikuwa kile alichokariri. Akaanza kwa Kiingereza.

"Tafsiri!" mtu mmoja alipiga kelele.

Ghala zima likacheka. Kijana aliyeegemea mlango akaongeza, "Wageni nao wameanza kutufundisha! Na kwa kizungu!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Emelyne alimwona mama yake amefunika mdomo kwa kitenge. Akakumbuka: kwa maneno ambayo mama yako atayaelewa.

"Samahanini," alisema. "Nimezoea shule. Nasema hivi. Halmashauri imependekeza. Sawa. Lakini anayeamua ni mkutano huu, ni sisi wote tuliomo humu. Mbona hatujaulizwa? Mwenyekiti, tuulizwe kwanza. Tukikubali, sawa. Tukikataa, tutafute njia nyingine."

Kicheko kikaisha. Mtendaji wa kijiji, aliyekuwa anaandika pembeni, alimtazama mwenyekiti, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," mtendaji alisema. "Lazima mkutano uamue."

Apolinari alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. "Haya, binti. Umesema njia nyingine. Ipi?"

Hapo ndipo Emelyne aliposhindwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Yule kijana wa mlangoni akaanza kucheka tena, peke yake.

Gratien aliisikia sauti ile ya kicheko juu ya kichwa chake. Alimtazama binti yake. Emelyne alikuwa bado amesimama. Gratien akaona aibu, na haikuwa aibu ya binti yake, ilikuwa yake mwenyewe. Akaweka kofia yake kwenye benchi, akasimama.

Odeta alisema baadaye kwamba alidhani mume wake anatoka nje.

"Mwenyekiti," Gratien alisema. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kirundi ndani yake, na alilijua hilo, lakini aliendelea. "Mimi nalima pale bondeni tangu huyu binti hajazaliwa. Mwezi wa tatu maji yanajaa mpaka hapa." Akagusa goti. "Ng'ombe wengi wakipita pale, ukingo utabomoka. Tope lote litaingia kisimani. Kina mama, mtachota tope."

Wanawake wakaanza kunong'onezana.

"Na ng'ombe watazama. Wameshazama. Lakini kule juu, nyuma ya shamba langu la mahindi, kuna mgongo wa changarawe. Hata masika haulowi. Unashuka mpaka mtoni, mahali penye mwamba. Ni mbali kidogo kuliko bondeni. Utagusa mahindi yangu, mistari michache ya juu. Hiyo nitaitoa."

Maisha yake yote alikuwa amelisubiri neno moja, na sasa alisubiri lije. Na lilikuja, kutoka mlangoni.

"Wageni wasitupangie!"

Mzee mmoja mrefu akainuka mbele, fimbo mkononi. Alikuwa Masunga, baba yake Minza, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini.

"Mgeni ni nani?" aliuliza Masunga. "Mimi nilikuja hapa na ng'ombe wangu, huyu mzee nikamkuta analima. Kama ni mgeni, basi nilikaribishwa na mgeni mwenzangu. Na wewe kijana unayetupigia kelele, mama yako alikuja hapa ameolewa kutoka Kibaoni. Tuanze na nani kumrudisha?"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii kijana wa mlangoni alikuwa anacheka na uso ameuficha. Masunga akamgeukia Gratien.

"Mzee, hiyo changarawe haitaumiza kwato?"

"Si kali. Njoo kesho asubuhi tupite wote."

"Na mwamba wa mtoni, ng'ombe atasimama vizuri anywe?"

"Atasimama. Mbuzi wangu wanakunywa palepale."

"Sasa ulinyamaza miaka yote hii kwa nini, mzee wangu? Ningemwokoa ng'ombe wangu!"

Gratien alicheka. Kwanza kidogo, halafu akacheka mpaka akashika tumbo. Emelyne hakuwahi kumwona baba yake anacheka mbele za watu.

Mkutano ukaamua mambo mawili. Viongozi, wakulima na wafugaji wataikagua njia ya juu pamoja. Ikifaa, ndiyo itakayotumika. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Gratien alinyoosha wa kwanza, bila kutazama kulia wala kushoto.

Usiku ule Odeta alisikia mume wake anashusha pumzi ndefu gizani.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimepumzika," alisema Gratien.

*

Njia ya juu ilifaa. Wafugaji walifyeka vichaka, wakulima wakapanda ua wa minyaa pande zote mbili ili ng'ombe wasitoke njiani. Vijana waling'oa vigingi vya bondeni. Odeta alivuna mpunga wake, na mwaka uliofuata akavuna tena. Kisima kiliendelea kutoa maji safi. Masunga hakupoteza ng'ombe hata mmoja matopeni, na kila alipopita nyuma ya mahindi ya Gratien alipaza sauti kumsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwenye njia!"

Emelyne alimaliza kidato cha nne. Akajiandikisha kupiga kura. Watu wakimuuliza alikotoka, anawaambia yote bila kuruka kitu: Burundi ya babu, Katavi ya baba, na yeye mwenyewe. Halafu anawauliza na wao.

Mwaka huo wa pili, mkutano wa kijiji ulizungumzia chakula cha mchana shuleni. Emelyne alisimama akapendekeza kila kaya ichangie mahindi debe mbili. Aliongea vizuri, kwa Kiswahili kilichonyooka, na watu wakapiga makofi. Alipokaa tu, mkono mmoja ulikuwa umeshanyooshwa benchi la mbele.

"Mwenyekiti," alisema Gratien. "Mimi sikubaliani kabisa na huyu msemaji aliyepita. Debe mbili ni nyingi kwa wajane. Wao watoe debe moja."

"Mzee, si binti yako huyo?" Apolinari aliuliza.

"Ni binti yangu. Lakini kwa hili amekosea."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Emelyne alicheka kuliko wote. Kisha akanyoosha mkono kumjibu baba yake.